Kabla ya Kutuma Deposit ya Laina: Pikapu Yako Hubeba Nini?

Pikapu ya pwani aghalabu haizeeki injini kwanza. Huzeeka nyuma. Nenda alfajiri panaposhushwa samaki, iwe Ngomeni, Mayungu ama pale Malindi mjini, uyatazame magari yaliyopangana yakingoja mzigo. Mbele gari linapendeza, dashibodi imepigwa polishi, redio inaimba. Nyuma, sakafu ya bodi imetoboka, mwenyewe ameziba kwa kipande cha bati, na hilo bati nalo limeanza kuliwa. Injini bado ina miaka ya kazi, lakini siku ya kuliuza, mnunuzi anainama chini ya bodi, anagonga kwa kidole, halafu anakata bei.

Ndiyo maana wenye pikapu wanatafuta laina, yaani ile kinga inayotandikwa, inayofungwa ama inayopuliziwa ndani ya bodi ili mzigo usiguse rangi ya gari. Sisi ni watu wa malipo, si mafundi wa bodi. Mada hii hutufikia kupitia mlango wa malipo: mteja ameonyeshwa picha ya laina kwenye simu, ametumiwa namba, ameambiwa atume nusu ya pesa leo leo kabla stoki haijaisha, sasa anauliza kama ni salama kutuma. Swali zuri, na tutalijibu. Lakini kuna hasara nyingine ambayo haina tapeli ndani yake kabisa. Pesa inafika kwa mtu mwaminifu, laina inaletwa, inafungwa, na baada ya mwaka gari limeoza chini yake, kwa sababu kinga ile ilikuwa ya mzigo wa mtu mwingine. Kwa hiyo tuanze na mzigo.

Chumvi haingoji mvua

Mtu wa bara akisikia kutu anafikiria mvua. Huku kwetu hesabu ni tofauti. Chumvi ya kawaida, hii ya kupikia, huvuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukivuka takriban asilimia 75, chumvi iliyolala juu ya chuma huanza kuyeyuka yenyewe na kuwa utando mwembamba wa maji ya chumvi. Pwani unyevu wa kiasi hicho ni jambo la kila siku, hasa usiku na alfajiri. Maana yake ni kwamba pikapu uliyoiegesha jioni ikiwa kavu kabisa, haijaona tone la mvua wiki mbili, inaweza kuwa inaoza huku umelala.

Chumvi yenyewe inatoka wapi? Kwa aliye karibu na ufuo, inaletwa na upepo. Kwa anayebeba samaki, inashuka na maji ya barafu. Na ukiwa upande wa Gongoni mpaka Marereni, kwenye yale mabwawa ambako maji ya bahari huachwa jua liyakaushe, huhitaji kuuliza. Magunia ya chumvi yanavuja punje, punje zinaingia kwenye mifereji ya sakafu ya bodi, na zinakaa humo.

Rangi ya gari ikiwa nzima, chumvi haina pa kuingilia. Shida ni mkwaruzo. Tofali moja la tumbawe lililoburutwa kutoka timbo linatosha kufungua rangi hadi chumani, na kuanzia hapo kutu inatambaa chini ya rangi usiyoiona. Kwa hiyo laina ina kazi mbili: kuzuia mkwaruzo, na kutofungia maji ya chumvi chini yake. Wauzaji wengi wanakueleza ile ya kwanza. Ya pili ndiyo inayomaliza magari ya pwani.

Kabla hatujafika kwenye aina zenyewe, neno moja kuhusu kuosha. Tunawaona watu wakiosha bodi kila jioni kwa maji ya kisima, na juhudi yao tunaiheshimu. Lakini visima vingi karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na ukiyaonja utajua. Kuosha chumvi kwa chumvi ni kujichosha. Kama una maji ya bomba, yale yanayotoka Baricho kwenye mto Sabaki, ndoo mbili za hayo zina maana kuliko pipa zima la kisima.

Aina nne, na nani anafaa kuinunua ipi

Ya kwanza ni laina ya plastiki ngumu, ile iliyofinyangwa kwa umbo la bodi ya gari fulani. Unaishusha ndani kama beseni ndani ya beseni, unaifunga, kazi imeisha kwa saa moja. Ndiyo inayouzwa sana kwa picha za simu kwa sababu haihitaji fundi hodari. Kwa mtu anayebeba vitu vikavu na vyepesi, kreti za soda, mikate, maboksi ya duka, inatosha na inapendeza. Inateleza vizuri pia, mzigo unasukumwa bila kuvutana nao, ingawa mzigo huohuo utateleza ukikata kona ghafla pale Gede.

Udhaifu wake uko chini. Kati ya plastiki na bodi kuna nafasi. Mchanga unaingia humo. Gari likitikisika, plastiki inasugua mchanga juu ya rangi kama msasa, siku nzima, kila siku. Maji ya samaki nayo yanaingia, hayakauki kwa sababu jua halifiki. Ukija kuinua laina baada ya miaka miwili unakuta rangi imesagika kwenye kila tuta la sakafu. Na kama fundi aliifunga kwa skrubu akatoboa bodi bila kupaka tundu rangi, hapo kila skrubu imekuwa mlango. Kwa anayebeba samaki ama chumvi, sisi tungemwambia aiache, hata akipewa kwa bei ya kutupa. Kama tayari unayo, ishushe chini kila baada ya miezi michache, uoshe, uache bodi ikauke juani, kisha uirudishe.

Ya pili ni raba: mkeka mzito wa kutandika sakafuni. Haikingi kuta za pembeni, na ndio mwisho wa lawama zetu kwake. Hainunuliwi kwa umbo la gari moja, inakatwa kwa kisu, haitoboi bodi, mzigo hautelezi juu yake, na muhimu kuliko yote, inainuka. Mtu mmoja anaikunja na kuitoa, anamwaga maji, anairudisha. Wapo wanaotumia vipande vya mikanda ya mitambo iliyotoka viwandani, na raba za namna hiyo huwa imara sana, akala za bodi ukipenda. Kwa mbuzi, kwa magunia ya korosho, kwa mananasi na maembe ya Magarini ambayo hutaki yagongwegongwe, hakuna cha kuishinda kwa bei yake. Kwa samaki pia inafaa, ila kwa sharti: itolewe kila siku. Raba isiyoinuliwa ni kitambaa kilicholoa kilichofunika kidonda.

Kabla ya kukata pima mwenyewe. Bodi ya double cab huwa na urefu wa karibu mita moja na nusu, ya single cab huvuka mita mbili, lakini kila modeli ina vipimo vyake, na Hilux ya mwaka huu si Hilux ya baba yako. Pima urefu, upana, halafu upana wa pale kati ya sehemu zilizoinuka juu ya matairi, ambao ni mdogo zaidi. Wengi husahau hicho cha tatu.

Ya tatu ni mbao na mabati. Wabeba mawe wanajua. Ukishusha tofali za tumbawe kutoka Vipingo kila siku, plastiki itapasuka na raba itakatika. Mbao, hata za mwembe, zinapokea pigo, na ubao uliovunjika unabadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Wapo wanaoweka bati nene la vinundu, lile mafundi wanaliita chekapleti. Ni imara kweli, lakini lipigie hesabu ya uzito: chuma cha milimita 3 kina kilo 24 hivi kwa kila mita mraba, kwa hiyo sakafu ya single cab yenye mita mraba tatu na nusu inaongeza kama kilo 80. Hizo ni kilo 80 za mzigo ambao hutalipwa. Wengine wanakimbilia alumini kwa sababu ni nyepesi na haishiki kutu nyekundu. Hapo tunaomba tahadhari. Alumini ikigusana na chuma na katikati pana maji ya chumvi, metali hizo mbili zinakuwa kama betri, na moja inaliwa haraka kuliko ambavyo ingeliwa peke yake. Bara hilo ni tatizo dogo. Ngomeni ni kubwa. Kama lazima iwe alumini, iwekwe juu ya raba nyembamba ili zisigusane, na skrubu zake zipitishwe kwenye vikoa vya plastiki.

Ya nne ndiyo wateja wanaiulizia zaidi siku hizi, na ndiyo yenye pesa nyingi ndani yake: laina ya kupulizia. Ni poliyurethani ama poliyurea, inapigwa kama rangi nzito, inakauka na kuwa ngozi ngumu yenye chembechembe, unene wa milimita mbili au zaidi. Inashika kila kona, haina nafasi chini yake, maji hayapiti. Ikifanywa sawasawa, kwa samaki na chumvi hakuna kinga bora. Ikifanywa vibaya ni balaa, kwa sababu haiinuki. Kilichofungiwa chini kimefungiwa. Kutu iliyopakwa juu inaendelea kula gizani, na utakuja kujua siku kidole kinapopenya.

Ipo pia ya kupaka kwa brashi ama rola, inauzwa kwenye kopo. Ni nyembamba kuliko ya kupulizia na haidumu sana, lakini kwa mwenye mfuko mdogo na subira ya kupiga msasa mwenyewe, si mbaya. Sheria zake ni zilezile.

Jambo la petroli

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu hili halihusu pesa.

Pikapu nyingi zinazoshuka ufuoni hubeba petroli ya injini za mashua. Mtungi unawekwa nyuma, gari linaingia stesheni, mhudumu anaingiza bomba mtungini ukiwa palepale juu ya bodi. Kwenye bodi ya chuma tupu watu wamefanya hivyo miaka mingi. Kwenye bodi yenye laina ya plastiki, hatari inaongezeka. Petroli inapotiririka inazalisha chaji ya umeme, na plastiki haiipitishi kwenda ardhini. Chaji inajikusanya kwenye mtungi, inatafuta njia, na njia inaweza kuwa cheche baina ya mdomo wa mtungi na ncha ya bomba, mahali hasa penye mvuke wa petroli. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa usalama kazini ya Marekani, NIOSH, ilitoa tahadhari juu ya jambo hili baada ya mioto kuzuka watu wakijaza mitungi juu ya laina za plastiki. Mtungi wa chuma juu ya plastiki ndio mbaya zaidi, kwa sababu chuma kinakusanya chaji na kuitoa kwa mkupuo mmoja.

Dawa yake haina gharama. Shusha mtungi chini, uweke sakafuni, mbali na gari. Bomba liguse mdomo wa mtungi muda wote wa kujaza. Jaza polepole. Fanya hivyo hata kama laina yako ni ya raba ama ya kupulizia, hata kama nyuma kuna foleni na dereva wa matatu anapiga honi. Na kama una kijana anayekuendeshea gari, mwambie leo.

Siku ya kwenda kwa fundi

Tuseme umeamua ni ya kupulizia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haionekani ikishamalizika: kuosha mafuta, kung'oa kutu mpaka chuma king'ae, kuziba matobo kwa kuchomelea, kupiga msasa rangi iliyobaki, kupaka andakoti, kukausha. Kupulizia kwenyewe ni shughuli ya muda mfupi. Fundi asiye mwangalifu anabana hapo kwenye maandalizi, kwa kuwa anajua ngozi nyeusi itafunika kila kitu.

Pwani kuna mambo mawili ya ziada. Kwanza, chuma kilichosafishwa kioshwe kwa maji matamu kabla ya kupakwa, maana chumvi kidogo ikibaki chini itavuta maji kupitia kwenye ngozi, na baada ya miezi utaona malengelenge. Pili, hali ya hewa. Poliyurethani ikikutana na unyevu kabla ya kukauka inatoa gesi na kufanya mapovu. Ukiipiga chini ya mwembe asubuhi ya mwezi wa tano, masika yamekolea, unalipia mapovu. Januari na Februari, kaskazi inavuma na mvua ni chache, ndio wakati wake, na saa nzuri ni baada ya umande kukauka. Fundi anayekuambia "leta hata kesho, hata ikinyesha" muulize anapigia wapi. Kama ana chumba kilichofungwa na kikavu, sawa.

Angalia pia kama vijana wake wanavaa barakoa za kuchuja kemikali, si kitambaa. Mvuke wa dawa hizi unaumiza mapafu, na mtu akishadhurika anaweza kupata pumu isiyomwacha. Karakana inayojali mapafu ya watu wake, kwa kawaida inajali na msasa.

Muulize maswali haya mawili na usikilize anavyojibu. Matundu ya kutolea maji utayaacha wazi? (Wengine wanayaziba kwa dawa, bodi inakuwa bwawa.) Na rangi itapauka juani? Poliyurethani nyingi za bei nafuu hupauka na kufanya unga mweupe kwa jua letu, ingawa kinga inabaki. Ukitaka ibaki nyeusi kuna ya kupaka juu inayohimili jua, na ina bei yake. Anayejibu "haipauki kamwe" bila hata kuangalia kopo, tungemtafutia mwenzake.

Usisahau kuhesabu siku. Gari la kazi likilala karakana siku tatu, na kwa siku linakuingizia shilingi 3,000, laina imekugharimu 9,000 juu ya bei uliyoambiwa. Raba haikulazi hata nusu siku. Kwa mtu ambaye gari lina miaka miwili tu limebaki mkononi mwake, hesabu hiyo peke yake inaweza kuamua.

Na kuhusu kukopa: mkopo wa ziada wa simu kama Fuliza, iliyoanza 2019, ulitengenezwa kwa pengo la siku moja mbili na una ada inayohesabiwa kwa siku. Laina haileti pesa kesho asubuhi. Inaokoa pesa ya mwaka kesho na mwaka keshokutwa. Ni afadhali kununua raba sasa, uweke akiba kidogo kidogo mpaka kaskazi ijayo.

Pesa itoke vipi

Turudi kwenye swali la mteja: nitume deposit ama nisitume?

Kama ni laina ya plastiki inayouzwa na mtu usiyemjua, yuko mbali, hana duka unaloweza kutuma ndugu akaliangalie, jibu letu ni hapana. Lipia mzigo ukifika, ukishaufungua. Muuzaji wa kweli wa Mombasa ama Nairobi ataweza kuupeleka kwa ofisi ya mabasi, na wewe ukaukagua huko kabla ya kulipa. Anayekataa kila mpango isipokuwa "tuma kwanza" amekwishakujibu.

Kama ni fundi wa kupulizia, deposit ni haki yake. Dawa ni ghali, na fundi akinunua makopo halafu mteja asitokee, hasara ni yake. Lakini pesa yako igawe kwa hatua, na hatua zifuate kazi inayofichwa. Sehemu ya kwanza iwe ya vifaa, na kama inawezekana ilipie wewe mwenyewe kwenye till ya duka la rangi, makopo yakabidhiwe fundi yakiwa yamefungwa. Sehemu ya pili itoke siku umeliona chuma tupu, limesafishwa, matobo yamezibwa, kabla tone moja halijapigwa. Hii ndiyo muhimu. Kama huwezi kufika, akutumie video mchana, akipitisha simu kwenye kila kona. Sehemu ya mwisho itoke ukishamwaga ndoo ya maji ndani ya bodi na kuona yote yanatoka kwenye matundu.

Makubaliano yaandike kwa ujumbe, hata wa maneno machache, kwa sababu malipo ya till hayana pa kuandika maelezo:

"Fundi, salama? Kama tulivyoongea: laina ya kupulizia, pikapu single cab nyeupe, sakafu na kuta na mlango wa nyuma, jumla ni ile tuliyopatana. Leo nalipa ya vifaa. Ya pili nikishaona chuma. Ya mwisho tukimwaga maji. Garantii mwaka mmoja ikibanduka. Ukikubali nijibu sawa."

Akijibu "sawa boss", usifute.

Unapolipa, tumia till ama paybill ya karakana kama anayo. Ukilipa kwa till ya kununua bidhaa kwa kawaida ada haikukati wewe mnunuzi. Pia jina la biashara linabaki kwenye ujumbe wa uthibitisho. Kama ana namba ya simu tu, soma jina linalotokea kabla ya kukamilisha muamala. Jina la karakana linaweza kutofanana na la mwenye laini, hilo ni kawaida, lakini ukiwa umeambiwa tuma kwa fulani na linatokea jina la mtu mwingine kabisa, simama, piga simu, uliza. PIN yenyewe haihitajiwi na fundi, wala na muuzaji, wala na sisi.

Ukikosea namba, usingoje jioni. Kwa M-Pesa unaupeleka ujumbe ule ule wa uthibitisho kwenye 456, na kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuipata. Lakini tuseme wazi: kurudisha muamala ni kwa ajili ya pesa iliyopotea njia. Kuna wateja wanaolipa fundi, wanaondoka na gari, wakifika Mtwapa wanaomba pesa irudishwe ati walikosea namba. Huo ni wizi kama mwingine. Mafundi mnaotusoma, msiachie funguo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja ama ujumbe ulioingia kutoka namba ya kawaida. Angalieni salio lenu.

Ikiwa kazi imeharibika na fundi amezima simu, Kenya ina Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili kusimama mbele yake. Utaulizwa mlipatana nini, ulilipa lini, ulimlipa nani. Ujumbe wa "sawa boss", zile jumbe tatu za malipo zenye tarehe na jina, na picha ya chuma kabla hakijapuliziwa ndivyo vitu vya kwenda navyo.